Makisio na Hukumu: Historia Fupi ya Kumpima Mtoto Kabla ya Wakati

Kila mwaka masika yanapokwisha, machungwa ya milima ya Umatumbi huanza kushuka kwa malori kutoka Kipatimu kuelekea Njia Nne. Majira hayo hayo shule za sekondari hubandika ukutani matokeo ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Siku hizi kuna shule ambazo orodha yake haiishii kwenye alama. Pembeni ya jina la mtoto huwekwa safu nyingine, nayo huonyesha daraja analokisiwa kupata Novemba. Mtoto hajaingia bado katika chumba cha mtihani, na tayari ameambiwa atatoka na nini.

Tunaiandika insha hii kwa sababu sisi wenyewe tumekosa katika jambo hili, na kukosa kwetu kulitokea madhabahuni. Mwaka mmoja shule fulani ilitupatia orodha ya namna hiyo ili tuwaombee watahiniwa. Sisi Walutheri ni wachache katika milima hii. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na ndugu zetu Wakatoliki wana misheni yao ya siku nyingi hapa Kipatimu. Kwa hiyo vijana wetu wa kidato cha nne mwaka ule walihesabika kwa vidole. Tungeweza kumwombea kila mmoja kwa jina lake. Badala yake tuliwaita mbele wale waliokisiwa daraja la kwanza na la pili, tukawawekea mikono. Waliobaki tuliwaombea wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yao. Tulidhani tunawatia moyo walio mbele ili walio nyuma wajitahidi.

Jumapili iliyofuata kijana mmoja hakuja kanisani. Jumatatu hakwenda shule. Mama yake alipofika nyumbani kwetu alisema maneno machache tu: "Baba Mchungaji, mwanangu anasema hata kanisani wamejua."

Tangu siku ile tumejiuliza desturi hii imetoka wapi. Tulisoma na kuwauliza wazee na walimu. Tuliyoyapata tunayaweka hapa, maana Mkristo asiyejua jambo lilivyoanza huona kwamba halikuwahi kuwa vinginevyo, wala haliwezi kubadilika.

Makisio mawili ya mwaka 1905

Watu wa Kipatimu hawakuanza jana kulipa gharama ya makisio ya watu wengine. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya Kijerumani ya Gavana von Götzen ilitaka pamba kutoka nchi hii. Kila jumbe aliamriwa kufungua shamba la pamba, na watu walitakiwa kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Ofisini hesabu ilikuwa nzuri: ekari kadhaa, watu kadhaa, siku kadhaa, faida kadhaa. Waliokisia hawakuwa na jembe mkononi. Hawakuhesabu kwamba siku za pamba ndizo siku za mahindi na mtama, wala kwamba aliyekuwa akisimamia kazi ni akida mwenye kiboko.

Mwishoni mwa Julai 1905, hapo Nandete, jirani yetu kabisa, watu waling'oa mashina ya pamba. Ndivyo vilivyoanza vita vya Majimaji.

Lakini kulikuwa na makisio mengine pia, na hayo tunayasema kwa heshima, kwa sababu waliokufa ni babu zetu. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Neno lile liliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Hilo ni jambo kubwa, na historia ya taifa letu inalikumbuka. Kinjekitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, lakini neno lake liliendelea kutembea bila yeye. Tarehe 30 Agosti watu walikwenda Mahenge mbele ya bunduki za mashine wakiliamini neno lile. Vita viliisha mwaka 1907, baada ya njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa maghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kutoka 75,000 hadi 300,000.

Hatusemi kwamba mtihani ni vita, wala mwalimu wa taaluma si akida. Tunachotaka kukiona hapa ni kimoja. Kisio hutoka katika kinywa cha mwenye mamlaka, likaenda mbali kuliko alivyokusudia, na anayelilipia si yeye aliyelisema. Wazee wetu wa Umatumbi wanalijua jambo hili kuliko watu wengi.

Mchujo wa shule

Wajerumani walifungua shule za serikali katika miji ya pwani, kuanzia Tanga katika miaka ya 1890. Walihitaji makarani na maakida, basi shule iliwatoa hao. Hapakuwa na haja ya kumkisia kila mtoto, kwa sababu watoto wengi hawakuhesabiwa kabisa.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walijenga ngazi. Katika miaka ya 1950 ngazi hiyo ilikuwa na vipandio vitatu vya miaka minne minne: shule ya msingi mpaka darasa la nne, shule ya kati mpaka la nane, na sekondari mpaka la kumi na mbili. Kila kipandio kilikuwa na mlango mwembamba. Mtoto wa miaka kumi na kidogo alifanya mtihani wa darasa la nne, na kwa wengi safari iliishia hapo. Waliofika darasa la kumi na mbili walifanya mtihani wa Cambridge, uliotungwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Kilwa.

Tusisahau kwamba shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni. Aliyekuwa akisimama mlangoni na kusema huyu apite, huyu abaki, mara nyingi alikuwa mtu wa kanisa. Makanisa yetu yalifanya kazi njema, na taifa limekiri hivyo. Lakini ndani ya kazi ile njema tulizoea kitu kimoja kibaya, yaani kuamini kwamba mtoto aliyeachwa mlangoni hakuwa na kitu. Mazoea hayo hatukuyaacha pale shule zilipotaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wake wa Machi 1967, alieleza kwamba mwaka ule asilimia 87 ya waliomaliza shule ya msingi hawangepata nafasi sekondari, na kwamba watoto hao waliondoka wakijiona wameshindwa. Hoja yake ilikuwa kwamba shule ya msingi isiwe chumba cha kungojea sekondari, bali imwandae mtoto kwa maisha atakayoyaishi. Alipinga pia mtihani kupewa uzito uliopita kiasi, kwa kuwa unampima mtu kwa yale anayoyakumbuka siku moja.

Baada ya hapo mambo mengi yalibadilika. Mtihani wa kuchuja wa darasa la nne uliondolewa. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, nasi tukaanza kutunga na kusahihisha mitihani yetu wenyewe. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtoto apimwe pia kwa kazi na mwenendo wake wa kila siku. Nia ilikuwa kupunguza uzito wa siku ile moja.

Lakini nafasi za sekondari zilibaki chache kwa miaka mingi. Mahali penye nafasi chache, mchujo hurudi hata ukifukuzwa. Mtihani wa kidato cha pili ulianzishwa mwaka 1984. Leo watoto wetu wana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, mtihani wa darasa la saba, upimaji wa kidato cha pili, na mtihani wa kidato cha nne. Kabla ya kila mmoja wa hiyo kuna mitihani ya majaribio ya shule, ya kata, ya wilaya au ya mkoa.

Jinsi kisio lilivyopanda bei

Kwa nini basi makisio yameongezeka wakati huu ambapo shule ni nyingi? Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004 na kuleta shule za kata karibu kila mahali. Kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari ya kawaida katika shule za serikali iliondolewa. Mtoto wa Kibata au Chumo leo anaweza kuingia kidato cha kwanza bila baba yake kuuza ng'ombe wala shamba. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini mlango ulipopanuka, macho yalihamia kwenye matokeo. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa wa shule zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Iliundwa tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka huo huo serikali iliyafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, kwa sababu ya mabadiliko yaliyokuwa yamefanywa katika namna ya kupanga madaraja. Yalipotoka tena, maelfu ya vijana waliokuwa wameambiwa kwamba wamepata sifuri waliambiwa kwamba wamefaulu. Karatasi zao zilikuwa zile zile. Tufikiri juu ya miezi ile mitatu katika maisha ya kijana mmoja, kati ya Februari na Mei.

Mwaka huo huo ulikuja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zilipangwa kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu kulingana na ufaulu. Nia ilikuwa kuziamsha shule zilizolala. Lakini mkuu wa shule anayejua kwamba mwakani shule yake itapakwa rangi mbele ya watu, anataka kujua mapema ni nani atakayemtia doa. Afisa anamdai mkuu wa shule malengo, mkuu anamdai mwalimu, mwalimu anamdai mtoto. Mtoto hana wa kumdai. Mzigo hutua kwake, naye ana miaka 16 au 17.

Hapo ndipo mtihani wa utamilifu ulipobadilika kazi. Uliwekwa ili mwalimu ajue mtoto amekwama wapi na amsaidie kabla ya Novemba. Ni chombo kizuri, kama kipimajoto mkononi mwa daktari. Tatizo linakuja pale daktari anapokisoma, akatangaza mgonjwa atakufa lini, kisha akaenda zake.

Tangu matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani limeacha kuzitangaza shule bora na wanafunzi bora. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Haya ni mambo ya kuungwa mkono. Lakini mazoea ya mioyo yetu hayafutwi na waraka wa wizara.

Kipatimu ilivyo

Hapa kwetu kisio la mapema lina madhara ambayo mtu wa mjini anaweza asiyaone. Novemba ni mwezi wa mtihani, na ni mwezi wa korosho. Mtoto akiambiwa mapema kwamba atapata sifuri, baba hupiga hesabu. Kuna hela ya chakula cha shule, ya daftari, ya mafuta ya taa au ya kuchaji taa ya sola, na miezi kadhaa ya nguvu za kijana aliyekwishakomaa. Upande wa pili korosho zinadondoka. Si baba mkatili. Ni mtu maskini aliyeambiwa na mtu mwenye elimu kwamba fedha yake itapotea. Kijana hupelekwa shambani, au hupewa pikipiki ya watu. Binti huanza kuulizwa kuhusu mchumba. Novemba ikifika, kisio linakuwa kweli, na orodha ya ukutani inaonekana ilisema sawasawa.

Lipo pia jambo la kusikitisha ambalo limesikika mara nyingi katika mikoa yetu ya kusini. Kuna wazazi wanaomwambia mtoto wa darasa la saba ajibu vibaya kwa makusudi, ili asichaguliwe na kuwatia gharama. Mzazi huyo naye amekisia kwamba shule haimfai mtu wa kwetu. Hilo nalo amefundishwa na historia tuliyoieleza.

Wala tusidhani kwamba waliokisiwa vizuri wako salama. Katika wale tuliowawekea mikono siku ile alikuwemo binti aliyekisiwa daraja la kwanza. Kutoka siku hiyo hakuwa tena na ruhusa ya kuchoka. Alilala saa tatu kwa usiku, aliacha kwaya, na kichwa kilimuuma mpaka mama yake akampeleka hospitali. Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la pili, kazi nzuri ambayo wengi wangeifurahia. Yeye alilia kama aliyefiwa. Alituambia ameidanganya shule, amewadanganya wazazi na kanisa, wakati hakuwa amemwahidi mtu yeyote chochote. Sisi ndio tuliotoa ahadi kwa jina lake.

Makisio ya wengine

Wenzetu wa mbali nao wamejikwaa hapa. Nchini Uingereza kwa miaka mingi vyuo vikuu vimewachagua wanafunzi kwa alama walizokisiwa na walimu wao, kabla mtihani haujafanyika. Mwaka 2016 mtafiti Gill Wyness wa Chuo Kikuu cha London aliyapima makisio hayo. Aligundua kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata alama zile zile walizokisiwa. Wengi walikisiwa juu mno. Lakini miongoni mwa wanafunzi hodari, wale wa familia duni walielekea kukisiwa chini zaidi kuliko wenzao wenye uwezo.

Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, Uingereza ilitumia kanuni ya kompyuta iliyotazama pia matokeo ya miaka ya nyuma ya shule anakotoka mtoto. Tarehe 13 Agosti matokeo yalitoka, na karibu asilimia 40 ya alama zilikuwa zimeshushwa chini ya zile walizotoa walimu. Mtoto hodari wa shule iliyozoeleka kufanya vibaya alihukumiwa kwa waliomtangulia. Vijana waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikaiacha kanuni ile. Nchi tajiri, yenye walimu wengi na kompyuta zenye nguvu, ilishindwa kukisia kwa haki. Sisi tunapata wapi ujasiri wa kubandika ukutani?

Kuna pia utafiti wa zamani wa huko California, uliochapishwa mwaka 1968 na Robert Rosenthal na Lenore Jacobson. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani watachanua mwaka ule. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwaka ulipokwisha, baadhi ya watoto wale, hasa wa madarasa ya chini kabisa, walikuwa wameendelea kuliko wenzao. Wataalamu wamebishana sana juu ya utafiti huo na ukubwa wa matokeo yake. Lakini mzazi yeyote aliyelea watoto wawili anajua kwamba mtoto husikiliza tunachomtarajia hata tukinyamaza.

Nabii aliyekisia vibaya

Sasa tulifungue Neno la Mungu. Katika 1 Samweli 16 nabii Samweli anatumwa Bethlehemu kumtia mafuta mmoja wa wana wa Yese. Anapomwona Eliabu, mrefu na mwenye sura ya kifalme, anasema moyoni mwake kwamba huyu ndiye. Samweli hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa ameisikia sauti ya Mungu tangu utoto wake. Na bado alikisia vibaya. Bwana alimsahihisha, akamfundisha kwamba macho ya mwanadamu huishia usoni na Mungu hutazama moyo. Kama Samweli alikosea, basi mwalimu wa taaluma anaweza kukosea, na mchungaji anaweza kukosea.

Tena tazameni jinsi Daudi alivyokuwa hayupo. Baba yake mwenyewe hakumwita. Wana saba walipita mbele ya nabii, na wa nane alikuwa malishoni, kwa sababu nyumbani walikwishaamua kwamba hahusiki. Ndipo Samweli alipofanya jambo ambalo tunaomba usharika wetu ulikumbuke: alikataa kuketi mpaka yule aliyeko malishoni aletwe.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulishika hili. Martin Luther mwenyewe alikuwa mtoto aliyekisiwa. Baba yake, Hans, alimtaka awe mwanasheria na alilipa gharama kwa ajili hiyo. Julai 1505, baada ya radi kumtisha njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, Martin aliweka nadhiri, akaingia monasteri ya Erfurt. Baba alikasirika, kwa kuwa hesabu zake zote ziliharibika. Lakini ndani ya monasteri Luther alikuta mtihani mkali zaidi, mtihani wa kutafuta alama za kutosha mbele za Mungu, na kila alipojipima alijiona na sifuri. Alichokipata hatimaye katika Waraka kwa Warumi ndicho msingi wa kanisa letu: Mungu humhesabia mtu haki kwa neema, kwa imani, kabla hajaleta matendo yake. Hukumu imekwishatolewa msalabani, nayo ni ya kuokoa.

Luther huyo huyo mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, za wavulana na za wasichana pia. Basi asiseme mtu kwamba neema inamfundisha mtoto uvivu. Kijana anayejua kwamba ameshapendwa ana sababu njema ya kusoma: anasoma ili amtumikie jirani yake, naye anaweza kushindwa somo moja bila kushindwa kuwa mtu.

Nasi hubatiza watoto wachanga. Tunamshika mtoto asiyejua kuandika hata jina lake, na mbele ya usharika wote tunatangaza kwamba ni wa Kristo. Hilo ndilo neno la kwanza juu yake, na kwa imani yetu ndilo la mwisho. Kuna haki gani ya kumbatiza mtoto namna hiyo, kisha baada ya miaka 16 kumwacha benchini kwa sababu ya orodha?

Tufanye nini

Hatuwaombi walimu waache kupima. Mwalimu asiyepima hamjui mtoto wake. Tunaomba mambo manne, na tunaanza na sisi wenyewe.

Kwanza, kanisani kwetu orodha za makisio hazitaingia tena katika ibada. Watahiniwa wote wataitwa mbele kwa majina, na kila mmoja atawekewa mikono. Katika darasa la kipaimara pia, mtoto asiyeweza kukariri Katekisimu ndogo tutamkalisha karibu na anayeweza, tusimwambie kwamba hatafika.

Pili, wazazi wakipewa kisio la mtoto waulize swali moja tu: amekwama katika nini? Kisio lisilojibu swali hilo halina msaada. Mtoto mwenye shida ya hesabu anaweza kusaidiwa tangu Julai mpaka Novemba. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba ni wa sifuri hasaidiki, kwa sababu hajaambiwa kitu.

Tatu, wenye mashamba tukubaliane kwamba wiki za mtihani wa kidato cha nne vijana wetu hawataokota korosho. Jirani anaweza kumwokotea jirani. Tumefanya hivyo kwenye misiba. Tunaweza kufanya hivyo kwa walio hai.

Nne, matokeo yakitoka, wazee wa kanisa waende kwanza kwenye nyumba ambazo hakuna vigelegele.

Kuhusu yule kijana, wazee wawili wa kanisa walikwenda kumtafuta. Walimkuta shambani kwa mjomba wake akipakia machungwa. Nasi tulikwenda siku ya pili yake tukamwomba radhi, mbele ya mjomba. Hakusema mengi. Alirudi shuleni baada ya wiki, na mwalimu mmoja wa hesabu, Mwislamu, alimfundisha jioni bila malipo mpaka Novemba. Alipata daraja la nne. Si matokeo ya kutangazwa redioni. Lakini orodha ilikuwa imesema sifuri, na kwa cheti kile alipata nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme. Mwaka jana ndiye aliyefunga taa za kanisa letu.

Tungependa kusema kwamba hadithi zote huishia hivyo. Hapana. Wapo waliokisiwa sifuri wakapata sifuri, na wengine hatukwenda kuwatafuta. Hao nao ni wana wa Yese walioko malishoni. Mwaka huu, kabla hatujaketi, tuwaite.